Zamu ya Hatibu

Kilichonitia shaka kwanza ni majani. Katika gemu ya zamani mti ulikuwa vibonge vitatu vya kijani juu ya kibonge kimoja cha kahawia. Tuliuita mti, na hakuna aliyebisha. Sasa mti una majani, kila jani linatikisika kivyake, na upepo unaoyatikisa unatoka upande mmoja tu, upande wa kushoto, kule ambako mchezaji hawezi kurudi. Nikajiuliza: mtu anayehangaika kuchora majani elfu kumi ambayo hakuna aliyeyaomba, anataka nisiangalie nini?

Mimi ni Makame, mtoto wa kwanza wa Bi Mboni, na umri wangu ni miaka hamsini na miwili, kama miaka yote hiyo ni yangu. Hilo la mwisho nitalieleza. Naishi na mama katika mji ambao vibao vyake vyote vimepakwa chokaa. Jina la mji lilifutwa ili liandikwe upya kwa herufi nzuri zaidi, na tangu walipolifuta hakuna aliyerudi na brashi. Saa ya sokoni, saa ya mahakamani na saa ya ukutani kwetu zote zinasema saa kumi na dakika saba alasiri. Watu husema zimeharibika. Mimi sikubali. Saa iliyoharibika husimama popote panapoipendeza; saa zote za mji zikisimama mahali pamoja, ujue kuna mtu amezisimamisha.

Mashine ililetwa nyumbani na binti wa Idara ya Marudio. Alijitambulisha kwa jina la Asteria, akasimama mlangoni na sanduku kifuani, viatu vyake visafi mno kwa mtaa wenye vumbi kama wetu.

"Shikamoo mzee. Nimewaletea Askari wa Madaraja. Ni ile ile mliyocheza ujanani, ila imesafishwa."

"Marahaba. Imesafishwa nini? Ilikuwa chafu?"

"Imeng'arishwa, mzee. Picha, sauti, mwendo. Kila aliyeicheza zamani anapewa bure."

Bure. Neno hilo halikunipendeza. Katika mji huu hata maji ya mvua yana mwenyewe, seuze gemu. Nikamuuliza masharti. Akatoa karatasi moja, nyeupe, ina sentensi moja tu: *Niliyoyaona leo ndiyo yaliyokuwa.* Chini yake mstari wa kutia sahihi. Nicheze mpaka daraja la tatu, akasema, niridhike, nitie sahihi, yeye aende zake.

"Kwa nini la tatu? Madaraja yako saba."

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili lako, mzee."

Sikujua kwamba nina faili. Mama, aliyekuwa amekaa mkekani akipukuchua kunde, akasema bila kuinua macho, "Mkaribishe mgeni, we Makame. Maswali hayaishi, na miguu ya mwenzio inachoka." Mama ana miaka themanini na ushee. Masikio yake huchagua ya kusikia, na mimi kwa miaka thelathini nimekuwa nikiomba yaendelee kuchagua vibaya.

Asteria hakukaa. Alisema kazini kwao hawaruhusiwi kukaa kwa watu.

Nikaiwasha. Yule askari wetu mwenye kitambaa chekundu kichwani akatokea, na kumbe ana pua! Zamani uso wake ulikuwa doa tu, ndiyo maana kila mmoja wetu aliweza kuwa yeye. Mrefu alikuwa yeye, mfupi alikuwa yeye, mwenye chongo alikuwa yeye. Sasa ana pua yake, ana kovu lake, ana macho ya mtu ambaye hanifahamu, na nikibonyeza kitufe ananitii kwa kuchelewa kidogo, anavyotii mtumishi anayepanga kuacha kazi. Hata maadui wamepewa nyuso. Niliwaua maelfu yao nikiwa kijana na sikuwahi kumkosea mtu. Leo nimemwua wa kwanza, akaanguka akashika tumbo, na nusura niseme pole. Nani alifikiri kwamba tunahitaji kuwaona? Au ndiyo njia yao ya kutushughulisha na damu ya kuchorwa, tuisahau ile nyingine?

Hapa lazima niseme tulivyokuwa tukicheza, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka.

Ukumbi wa gemu ulikuwa na runinga moja, pedi moja ya kuchezea na mkeka mmoja mrefu. Tulikaa mkekani kwa foleni, mmoja nyuma ya mwingine. Aliye mbele ana pedi. Aliye nyuma yake ndiye anayefuata, na nyuma ya huyo mwingine, mpaka mlangoni. Sheria ilikuwa moja, haikuandikwa, na hakuna aliyewahi kuivunja hadharani: ukifa, unapisha. Askari wako akianguka unanyoosha mkono nyuma, unatoa pedi bila neno, na ukumbi mzima unakwambia, "Pole, marehemu." Unacheka, unainuka, unakwenda kukaa mkiani mwa foleni kuzaliwa upya. Sijasikia katiba bora kuliko hiyo. Nimeishi chini ya wakubwa wa kila namna, na wote walijua kupigana, wote walijua kuruka mashimo. Hakuna hata mmoja aliyejua kunyoosha mkono nyuma. Mstari wao wa uhai, ule unaopungua kila askari anapopigwa, uliisha zamani, pale juu pembeni mwa skrini, na kila mtu anauona umeisha, lakini bado wamesimama, na sisi mkekani tunakaa na kungoja kwa adabu.

Walijifunza wapi kusimama hivyo? Mimi najua wapi. Katika daraja la tatu.

Kulikuwa na ukuta pale, mwanzoni mwa daraja, wa mawe ya kijivu. Ukiegemea kona yake ukiwa umeinama, mkuki ukakupata, uhai uliisha kama kawaida, lakini askari hakuanguka. Ilikuwa kasoro ya waliotengeneza. Alibaki amesimama pale, anapumua hata, na mstari wake mtupu kabisa. Muziki uliendelea. Aliyekaa karibu aliona mstari na kujua kwamba umekufa. Aliyekaa mbali, au mwenye macho mabovu, aliona mtu mzima amesimama. Tulikiita kile kitu maiti ya wima. Kwa sheria yetu maiti ya wima ni maiti. Unapisha.

Nyuma yangu siku ile alikaa mdogo wangu, Hatibu, miaka kumi na tisa. Hatibu alikuwa na macho mabovu.

Mama siku ile hakuwapo. Kwa kawaida alikaanga mihogo mlangoni pa ukumbi, na sheria zetu zote alizijua, hata akigombana na jirani husema, "Ushakufa wewe, pisha wenzio." Lakini siku ile alikwenda msibani. Nikafika daraja la tatu, nikainama kwenye kona, mkuki ukanipata. Mstari ukaisha. Nikabaki wima.

"Vipi, bado?" Hatibu akauliza nyuma yangu.

"Bado nipo hai."

Akangoja. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kungoja; ukimwambia keki inaumuka angekaa mbele ya jiko mpaka iungue, kwa kukuamini. Baada ya muda akasema, "Basi kaka, napunga upepo mara moja, nishikie nafasi." Akatoka akasimama kibarazani.

Lori likafika saa kumi na dakika saba. Siku zile watu wa wakubwa walikuwa wakikusanya wasio na shughuli. Waliwachukua waliosimama kibarazani, waliokaa mkekani, waliokuwa njiani kwenda wasikojua. Kisha mmoja wao akaingia, akaniangalia, akaona pedi mikononi mwangu. "Huyu ana shughuli," akasema. Wakaniacha. Ukumbi ukabaki na runinga, mkeka, na mimi na askari wangu, wawili tuliosimama bila uhai.

Hatibu hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna aliyekiri kwamba lori lilikuwapo. Mama aliporudi kutoka msibani akauliza jambo moja tu kabla hajaanza kulia: "Alicheza?" Nikasema, "Alicheza mama. Nilikufa nikampisha, akacheza zamu yake, akafika mbali sana, akatoka anacheka." Tangu hapo kila anapomkumbuka mwanawe husema, "Angalau alipata zamu yake." Huishika sentensi hiyo kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyempa.

Kwa hiyo unaona kwa nini miaka hii si yangu. Lau ningepisha, yeye ndiye angekuwa na shughuli. Nimeoa katika zamu yake, nikaachana na mke katika zamu yake, nimeota mvi ambazo zilikuwa zake.

Na kuna swali moja, dogo, ambalo limenila kuliko yote.

Nililisikia lile lori kabla ya kuinama kwenye kona, au baada?

Nasema baada. Nimejiapia hivyo. Lakini nikilala upande wa kushoto nasikia injini kwanza, na nikilala upande wa kulia nasikia mkuki kwanza. Muziki wa gemu ulikuwa na mngurumo ndani yake, labda ni huo. Labda. Nilikuwa mtoto. Hapana, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nacheza. Nilikuwa nasikiliza. Kabla. Baada. Kabla.

Ndiyo maana niliiwasha mashine hii kwa hofu na kwa hamu. Ukuta ule ndio shahidi wangu wa pekee. Siku moja, nilijiambia, nitampeleka mama mbele ya ukuta, nitamwonyesha maiti ya wima, nitasema: ni hapa.

Basi nikafika daraja la tatu. Mto chini yake sasa unang'aa, una hata samaki. Nikamwinamisha askari kwenye kona, mkuki ukaja, ukampata. Akaanguka. Akaanguka vizuri, magoti kwanza, kitambaa chekundu kikafuatia polepole. Nikarudia. Akaanguka. Nikajaribu kona ya pili, ambayo haikuwahi kuwa na kitu. Akaanguka. Na kila alipoanguka maandishi yalitokea: *Urudishwe?* Chini yake jibu moja tu: *Ndiyo.* Ukibonyeza, damu inarudi mwilini, mkuki unarudi mkononi mwa adui, na unasimama pale pale ulipokuwa kabla hujakosea.

"Hapana iko wapi?" nikauliza.

"Hapana ya nini, mzee?"

"Ya kukataa kurudishwa. Mtu afe, apishe mwenzake."

"Watu walilalamika kwamba kufa kunawachelewesha," akasema Asteria kwa upole. "Siku hizi kila mtu anacheza kwake peke yake. Ampishe nani?"

Nitasema ukweli, maana nimeshaanza. Nilifurahi. Kifua kilifunguka, nikavuta pumzi ambayo sijaivuta tangu ujana. Ukuta mzima, kasoro hakuna, basi na kosa langu halikutendeka popote. Furaha ile ilidumu kama kumeza mate mara moja, kisha nikaishuku, kama ninavyoshuku kila kizuri kinacholetwa mpaka mlangoni. Wameifuta kasoro ili Hatibu asiwe amengoja. Asiyengoja hakukosa zamu. Asiyekosa zamu hakutoka kwenda kibarazani. Na kama hakutoka, lori lilimchukua nani? Mkono wangu tayari ulikuwa umeshika kalamu. Nikaitupa.

"Hapa palikuwa na kasoro!" nikafoka. "Nani kawaambia muitengeneze? Mnaficha nini nyie? Mmepaka chokaa vibao, mmesimamisha saa, sasa mmeingia mpaka kwenye gemu za watu! Mimi sitii sahihi."

Asteria hakukasirika. Alifungua mkoba akatoa faili la kahawia, akalipekua kwa kidole kilicholowa mate.

"Idara haitengenezi kitu bila kuombwa, mzee. Kasoro hii iliripotiwa na mchezaji. Barua hii hapa. Nisome?"

"Soma."

Akasoma. "*Kwa Idara. Salamu. Katika daraja la tatu kuna ukuta wenye kasoro. Mtu anayeuegemea hufa lakini haanguki, na anayengoja nyuma yake hajui. Naomba ukuta huo utengenezwe ili kasoro isionekane kwamba iliwahi kuwapo. Ikiwezekana, na kufa kuondolewe kabisa. Wenu, Makame mwana wa Bi Mboni.*"

Nikamnyang'anya karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Tarehe nimeiandika juu kushoto, kwa maneno, ninavyoandika mimi na hakuna mwingine. Sikukumbuka kuiandika, na papo hapo nikakumbuka: wino uliokuwa ukikatika, stempu niliyoilamba, ladha yake. Miaka yote nimemtafuta mwizi kwenye madirisha ya wakubwa, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Wao walikuwa wamenitii tu. Huenda ndivyo mji wote ulivyofutwa, kila mtu akiomba kijisehemu chake kidogo kipakwe chokaa.

Kunde zilikuwa zimeacha kupukuchuliwa.

"Anayengoja nyuma ni nani?" mama akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Asteria akatazama viatu vyake.

"Makame. Nimekuuliza. Anayengoja nyuma, asiyejua, ni nani?"

"Ni Hatibu, mama."

"Hakucheza."

"Hakucheza."

"Ulikuwa umekufa ukamwambia uko hai."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo pembeni. Nikatamani anipige, kama alivyotupiga sote wawili tulipokuwa wadogo, akianza na mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakunipiga. Akasema, "Geuza karatasi."

Nilikuwa nimeishika mwenyewe na sikuwa nimeona kwamba nyuma yake kuna maandishi. Mstari mmoja, mwandiko ule ule. Mama hajui kusoma. Alinijua mimi tu, kwamba sikuwahi kumaliza jambo upande wa kwanza. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema ni anwani. Askari kwenye skrini alikuwa amelala juu ya daraja, na yale maandishi yakimwuliza kama arudishwe.

"Niambie jambo moja," mama akasema, "na ukinidanganya tena nitakufa nikiwa na mtoto mmoja tu, na si wewe. Lori unalolitaja usingizini, ulilisikia kabla ya kuegemea ukuta, au baada?"

Nikasoma kilichoandikwa, ingawa sikuhitaji tena kusoma.

"Kabla, mama. Nililisikia likikata kona ya sokoni. Nilijua ni lao. Nilijua aliye na pedi huachwa. Niliinama kwenye ukuta makusudi, mama. Niliogopa."

Neno hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka peke yake. Mama akajikokota mkekani kwa makalio, hatua kwa hatua, mpaka akafika nyuma yangu kabisa, nikasikia pumzi yake shingoni. Mkono wake ukatokea pembeni ya mbavu zangu, kiganja wazi, una vumbi la kunde.

"Pole, marehemu," akasema.

Nilinyoosha mkono nyuma nikatoa pedi. Miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa nyepesi, kitu cha plastiki tu. Nikainuka nikampisha, nikaenda kukaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, nikilia bila kujificha, mbele ya mtumishi wa Idara na viatu vyake.

Mama akabonyeza *Ndiyo* ile mara moja, kwa kidole gumba, askari akasimama. "Hii ni zamu yake," akasema, "mimi namshikia tu." Kisha akamwuliza Asteria, "Kuruka ni kipi, mwanangu?" Asteria akainama akamwonyesha. Mama akaruka mara mbili bila sababu, akatembea hatua nne, akatazama samaki kwenye mto kwa muda, mkuki ukampata. Askari akapiga magoti, akaanguka, kitambaa kikafuatia. *Urudishwe?*

Mama hakubonyeza. Alinyoosha mkono nyuma yake, akaiweka pedi taratibu juu ya mkeka, pale palipokuwa patupu.

Tukakaa. Maandishi yakawa yanawaka na kuzima.

"Bibi," Asteria akasema, "bonyeza tu hapo. Haiwezi kuzimika mpaka mtu abonyeze, nami siwezi kuondoka mpaka izimike na karatasi isainiwe."

"Si zamu yangu."

"Mzee?"

"Wala si yangu," nikasema.

"Basi nibonyeze mimi." Akainama, mkono wake ukaifuata pedi.

"Mwanangu," mama akamwambia, bila ukali wowote, "kuna mtu kakutangulia. Kaa ungoje."

Asteria akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi wawili, kisha akavua viatu vyake, akaviweka mlangoni, akakaa mkekani nyuma ya pedi.